Mtoto Aliyefunzwa Kuketi

Mwaka 1934, F. W. Vint, daktari wa maabara mjini Nairobi, alichapisha matokeo ya kuchunguza bongo za Waafrika waliofariki, akadai kwamba tabaka la nje la ubongo wao ni jembamba kuliko la Mzungu. Miaka 23 baadaye, Marcelle Geber, daktari Mfaransa aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, pamoja na daktari mwenzake R. F. A. Dean, alitoa habari iliyoonekana kuwa kinyume kabisa. Watoto wa Kampala huwahi kukaza shingo, huwahi kuketi na kutembea kuliko wa Ulaya. Hata wakiwa na siku chache tu tangu wazaliwe, tayari wametangulia. Kwa hiyo Nairobi Mwafrika alizaliwa nyuma, na Kampala alizaliwa mbele. Wengi walioyasoma madai haya mawili waliyapeleka mahali pamoja: kwenye damu.

Tumtendee Geber haki. Macho yake yalikuwa na subira kuliko ya waliomnukuu. Aliona kwamba mtoto wa Kiganda hushinda mgongoni na mapajani, hunyonya kila anapotaka, wala halazwi mbali na mama. Aliona pia kwamba watoto wa Kampala waliolelewa kizungu, wa kulazwa peke yao kwenye vitanda vyao, hawakuwa na haraka ile. Kama ni damu, damu ilikuwa moja. Lakini kilichosafiri mbali ni ile habari ya watoto wa siku chache, ingawa watafiti waliowapima tena watoto wachanga wa Kampala miaka ya 1970 hawakuiona tofauti kubwa namna hiyo. Arthur Jensen wa Marekani, aliyetetea kuanzia mwaka 1969 kwamba pengo la alama za akili baina ya weusi na weupe lina mizizi katika urithi, aliitia habari hiyo katika ushahidi wake. Kuwahi kwa mwili utotoni kukageuzwa dalili ya kuchelewa kwa akili ukubwani.

Sasa tuingie ndani ya ua wa Kiganda, mahali ambapo kipimo hakikufika. Mtoto akitimiza miezi mitatu hivi, kazi ya kumketisha inaanza. Kwanza ni mapajani, mgongo wake umeegemea tumbo la mama au la dada. Kisha anawekwa mkekani, amezungushiwa nguo zilizokunjwa ili asiangukie ubavu. Au kwenye kishimo kilichochimbwa uani, au ndani ya beseni lenye matambara pembeni. Leo dakika chache, kesho zaidi. Philip na Janet Kilbride, wanaanthropolojia waliokaa na Waganda kuanzia miaka ya 1960, waliyaandika haya kwa kirefu, na sababu waliyoiona inanigusa kuliko vipimo vyao. Mtoto aliyeketi anatazamana na watu. Mgeni akiingia, mtoto anamwona na kuchekewa, naye anajifunza kucheka. Katika jamii ambayo salamu ni nusu ya heshima ya mtu, mtoto wa kulala chali amefungiwa nje ya mazungumzo, na wazazi hawataki akae huko muda mrefu. Baadaye, mtoto huyo akiwa binti, atafunzwa kupiga magoti anaposalimia, na hakuna atakayesema alizaliwa na magoti yaliyokunjwa.

Mwanasaikolojia Charles Super aliimaliza hoja ya damu miaka ya 1970 katika kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Watoto wa pale waliwatangulia wa Marekani katika kuketi na kutembea, mambo ambayo mama zao huwafundisha kwa makusudi. Katika kutambaa na kujigeuza, mambo yasiyofundishwa, hawakutangulia. Damu haichagui hivyo. Ninachokishika mimi ni hiki: mengi tunayoyaita ya kuzaliwa nayo ni kazi ya wanawake iliyofanyika kabla mpimaji hajabisha hodi.

Je, Waganda wenyewe waliipa damu nafasi gani? Kubwa sana, ila si hiyo. Katika sherehe ya zamani ya kumpa mtoto jina, kitovu chake kilichokauka na kuhifadhiwa kilitiwa chomboni mbele ya wazee. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Damu ya baba ndiyo inayoamua ukoo, mwiko wa chakula, jina, na nani usiyeweza kumwoa. Inaamua mtu ni wa wapi. Atakuwa mtu wa namna gani, hilo liliachiwa mikono: bibi, mama, na ssenga, yaani shangazi, ambaye kazi yake ya kumfunda binti inajulikana Kampala nzima hadi leo. Husemwa pia kwamba mtoto amefuata ukali wa babu aliyemrithi jina, na sitaki kuyaficha hayo. Lakini methali nzito ya Waganda kuhusu malezi, *akakyama amamera tekagololekeka*, inasema kilichopinda kikiwa kinachipua hakinyooki tena. Haiilaumu mbegu. Inalaumu siku za kuchipua.

Pwani tunasema samaki mkunje angali mbichi, na hapo tunakutana nao. Halafu tunageuka kusema mwana wa nyoka ni nyoka, tukawaacha. Kauli hii ya pili huniudhi, kwa sababu huwa haisemwi juu ya mtoto wa mwenye mali. Nayo inagongana na mafundisho ambayo Pwani hiyo hiyo inayahubiri. Uislamu ulipofika ikulu ya Kabaka Ssuuna II, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Pwani, ulibeba fundisho kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, umbile safi, na wazazi ndio wanaomwelekeza huku au kule. Mwanachuoni Ghazali aliufananisha moyo wa mtoto na johari isiyochongwa bado. Mwanahistoria Ibn Khaldun, mwaka 1377, alikwenda mbali zaidi: mtu ni mwana wa mazoea yake kuliko wa maumbile yake. Wazungu walihitaji muda mrefu kuyarudia hayo.

Hata hivyo, johari lazima iwe johari kwanza. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 na kuzitembelea familia 26 za vijiji vya karibu. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1967, na yakawa msingi wa elimu ya leo ya uhusiano wa mtoto na mlezi. Mtoto hutambaa mbali na mama, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha huenda tena. Haja hiyo ya kuwa na mtu wa kurudia haifundishwi na yeyote. Mtoto huja nayo. Tofauti ilikuwa katika utulivu. Na watoto waliotulia, Ainsworth aliona, walikuwa aghalabu wa akina mama waliokuwa na mengi ya kusimulia: anapenda nini, analia vipi, jana alifanya nini.

Na kuna jambo ambalo si damu wala funzo. Katika wodi za Mulago wakati wa Dean na Geber walilazwa watoto wa kwashiakoo: wamenuna, hawachezi, hawataki mtu. Kwa Kiganda maradhi hayo yaliitwa *obwosi*, yakidhaniwa kutokana na mimba mpya ya mama inayomwonea wivu mtoto aliyetangulia. Kwa maelezo ya madaktari wa wakati huo, kilichopungua kilikuwa chakula chenye protini, baada ya mtoto kuachishwa ziwa na kubaki na matoke. Madaktari walijua dalili ya mwanzo ya kupona: mtoto anatabasamu. Mwaka 1965 kilifunguliwa pale kituo cha Mwanamugimu, kwa jina la methali isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko. Mama hulazwa na mwanawe, naye hufundishwa kupika *kitobero*: matoke au viazi pamoja na maharage, karanga au samaki, vyote katika chungu kimoja.