Afya ya tendo la ndoa baada ya tiba ya mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi

Afya ya tendo la ndoa baada ya tiba ya mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi inahusu mwili, hisia na mahusiano ya mwanamke aliyetibiwa seli ambazo si saratani, lakini zingeweza kuwa saratani kama zingeachwa. Tiba hiyo haiondoi mfuko wa uzazi, haigusi ovari wala haikatizi hedhi. Hapo ndipo inapotofautiana na tiba ya saratani yenyewe, ingawa mitaani mambo haya mawili huchanganywa kila siku.

Aina za tiba

Mabadiliko hayo huletwa na virusi vya HPV vinavyong'ang'ania mwilini. Aina ya 16 na ya 18 peke yake huhusika na takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki uchunguzi hufanywa kwa siki: mhudumu huweka spekulamu, hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, husubiri kama dakika moja, na palipoharibika hugeuka peupe. Doa dogo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa na gesi baridi (dakika 3, mapumziko ya dakika 5, kisha dakika 3 tena) au kwa kuchomwa na kifaa chenye joto la nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30. Doa kubwa, au lililoingia ndani ya mfereji, hukatwa kwa kitanzi cha waya wa umeme, tiba ijulikanayo kliniki kama LEEP, kwa sindano ya ganzi.

Wiki za kupona

Baada ya kugandishwa, majimaji mengi hutoka ukeni kwa wiki 4 hadi 6, kiasi cha kumlazimu mwanamke avae pedi kila siku. Aliyechomwa hutokwa na majimaji machache zaidi. Baada ya LEEP hutoka uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, ambao ni dawa ya kuzuia damu iliyopakwa kwenye kidonda. Kigaga kinapobanduka, damu kidogo huweza kuonekana tena. Damu nyingi kuliko ya hedhi, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya ni sababu ya kurudi kituoni mara moja.

Kwa muda wa mwezi mmoja mwanamke hushauriwa asifanye tendo la ndoa na asiingize kitu chochote ukeni: si tamponi, si maji ya kujisafisha, si dawa za mitishamba za kubana uke. Kujifukiza nako hakuna faida kwa kidonda hicho. Asiyeweza kujizuia, au asiye na uwezo wa kumkatalia mwenza wake, hupewa kondomu. Hili la pili si jambo dogo, kwani katika nyumba nyingi mwezi mzima wa kujizuia hauamuliwi na mke peke yake.

Hamu, maumivu na hofu

Hisia za raha hutoka zaidi kwenye kinembe na sehemu ya nje ya uke, ambako tiba haifiki. Ute wa kulainisha hutoka hasa kwenye kuta za uke, nazo pia hubaki salama. Kwa hiyo wanawake wengi hurudia hali yao ya kawaida baada ya kidonda kupona. Hata hivyo, baadhi hueleza maumivu ya ndani, hamu iliyopungua au hofu ya kutokwa damu, hasa mara za kwanza. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1988 ulionyesha kwamba wanawake waliotibiwa walipungukiwa na hamu na msisimko. Tafiti za baadaye kuhusu LEEP zimetofautiana, nyingine zikiona upungufu mdogo, nyingine hakuna.

Mara nyingi akili huumia kuliko kidonda. Mwanamke aliyetoka chumba cha uchunguzi akidhani ana saratani hulala na hofu hiyo kitandani, na mwili hujibana. Ushauri unaotolewa vituoni kwa kawaida huishia kwenye "usikutane na mumeo kwa wiki nne". Linalofuata wiki ya tano huachiwa bahati, au somo na kungwi pale walipo. Huo ni upungufu wa huduma. Wenza wakianza taratibu, wakitumia kilainishi cha maji na kubadili mkao ili kuingia kusiwe kwa kina, nafuu hupatikana. Maumivu yasiyoisha baada ya miezi kadhaa yanahitaji uchunguzi.

Lawama kwa mwenza

HPV huambukizwa kwa kujamiiana, lakini huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Majibu ya kipimo hayaonyeshi nani aliileta wala lini, na si ushahidi wa uzinzi. Hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa mume.

Wanaoishi na VVU

Hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake wanaoishi na VVU ni karibu mara 6 ya wengine. Kidonda kibichi hurahisisha VVU kupita, kwa hiyo kondomu na dawa za kufubaza virusi husisitizwa zaidi katika kipindi cha kupona.

Uzazi

Kushika mimba hakuathiriki kwa kawaida. Hatari ya kujifungua kabla ya wakati huongezeka kadiri kipande kilichokatwa kinavyokuwa kirefu, hasa kinapozidi milimita 10, au tiba inaporudiwa. Mlango kuziba kwa kovu hutokea mara chache.

Ufuatiliaji

Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo kingine miezi 12 baada ya tiba, na kwa wanaoishi na VVU kingine tena baada ya miezi 12 zaidi. Tiba haimkingi mtu na maambukizi mapya. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana Rwanda mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019, huzuia maambukizi lakini haitibu yaliyokwisha kuingia.