Dampo la Tabata

Sisi wa Ruangwa wengi tumekunywa maji ya visima, na taka zetu tumezifukia shimoni nyuma ya nyumba. Ndiyo maana kesi ya Tabata hunigusa, ingawa ni ya Dar es Salaam.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakichoshwa na moshi, uvundo na nzi, waliishtaki Halmashauri ya Jiji, na Mahakama Kuu ikaamuru dampo lifungwe. Jiji likaomba muda, kisha muda tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akistaajabu kwamba chombo cha umma chathubutu kuomba mahakamani ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 795 wakafungua kesi, nao wakashinda. Zikaja Vingunguti, karibu na mto Msimbazi, halafu Mtoni, halafu Pugu Kinyamwezi.

Mahakama iliweza kuyazuia malori (naiheshimu kwa hilo), lakini mvua haipelekewi hati. Hupenya kwenye taka hata baada ya dampo kufungwa, ikateremka na chumvi na madini kama risasi mpaka kwenye maji ya ardhini. Dawa yake yajulikana: kufunika kwa udongo wa mfinyanzi, kuchimba mitaro ya kuyaepusha maji, na kupima visima vya jirani mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ni ghali, tena haina sherehe ya ufunguzi.

Mahali pale Tabata watu wangali wanapaita Dampo.