Mistari Iliyotangulia Mji

Mwaka 1891 Katanga iligawanywa na watu ambao hawakuwahi kuikanyaga. Machi 12, Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II, iliafikiana na kampuni ya Wabelgiji kuipa theluthi moja ya ardhi "tupu" kusini mwa latitudo ya 5°30'. Mfalme Msiri alikuwa angali akitawala kutoka mji wake wa Bunkeya. Aliuawa Desemba 20, na msafara uliotumwa kuitwaa Katanga, ukiongozwa na Stairs, uliochukua wapagazi wake Zanzibar.

Utupu huo ulikuwa kazi ya sheria. Amri ya Julai 1, 1885 ilitangaza kuwa ardhi isiyokaliwa ni ya Dola. Shamba lililopumzishwa na pori la kuwindia vikahesabiwa humo. Na mashimo ya Kalukuluku je, ambako wenyeji walichimba shaba kabla Mzungu hajaiota? Nayo yakaingia, yakaitwa Étoile.

Kazi ikawa kuipata hiyo theluthi. Vipande vilichorwa kwa rula, kama ubao wa drafti, ilhali mito mingi haikuwa na mahali pa hakika kwenye karatasi. Afisa Charles Lemaire alipita kati ya 1898 na 1900 akisoma nyota ili kupima mahali palipo vitu hivyo. Hatimaye pande mbili ziliacha kugawana. Juni 19, 1900 zikaunda Comité Spécial du Katanga: theluthi mbili za Dola, moja ya kampuni. Kamati hiyo ilitoa ardhi na vibali vya madini, na hadi 1910 ilitawala pia.

Mwaka huo reli ilifika kutoka kusini, na mtawala wa Katanga, Émile Wangermée, akauanzisha mji wa Élisabethville: barabara zilizonyooka, zikikatana kwa pembe mraba. Huo ndio moyo wa komuni ya Lubumbashi leo. Waafrika walioujenga hawakupewa lupango, yaani kiwanja, ndani yake. Mwaka 1921 walitengewa mtaa wao, Kamalondo wa sasa, na katikati ukaachwa ukanda mtupu. Sababu iliyotajwa ni afya, kuwazuia mbu wa malaria. Kwa maoni yangu, mbu alisingiziwa mengi. Wapishi na maboi walivuka ukanda huo kila alfajiri, na mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, akaiandika historia ya mji kwa Kiswahili.

Mwaka uliofuata sheria ya Bakajika iliirudishia serikali ardhi yote iliyotolewa kabla ya uhuru, na ile ya 1973 ikaifanya ardhi kuwa mali ya Dola peke yake. Barabara za Wangermée zingali palepale.