Neno "Cuckoo": Sikio Halitoshi

Sisi wanafunzi wa isimu tunafundishwa mapema kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu, isipokuwa katika tanakali za sauti. Hapo tunadhani sikio ndilo linalotunga neno, na historia haina kazi. Katika insha hii napinga dhana hiyo kwa mfano wa neno la Kiingereza cuckoo, jina la ndege tunayemwita kekeo.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza walimwita ndege huyo gēac. Neno hilo nalo huhesabiwa kuwa lilianza kwa kuiga mlio, lakini mabadiliko ya matamshi yalikuwa yamelitenga na sauti ya ndege mwenyewe. Kifaransa cha watawala wapya kilikuwa na neno cucu. Kufikia katikati ya karne ya 13, jina la aina hiyo limo katika wimbo wa Kiingereza Sumer is icumen in, unaopatikana katika hati iliyokuwa ya Abasia ya Reading. Neno geni likamsukuma mwenyeji, kama kinda la kekeo linavyosukuma nje mayai ya mwenye kiota.

Hata hivyo, halikushinda kila mahali. Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, ambako Waskandinavia waliacha athari kubwa, watu waliendelea kusema gowk, kutoka gaukr la Kinorsi cha Kale. Kwa hiyo ndege mmoja, mwenye mlio uleule, aliitwa kwa majina mawili kutegemea nani alihamia wapi.

Maana nazo hazikutokana na mlio. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine. Kutokana na tabia hiyo Kiingereza kilipata cuckold, yaani mume ambaye mkewe si mwaminifu. Gowk likawa pia na maana ya mjinga, na katika karne ya 20 cuckoo likatumika Marekani kumaanisha mwehu. Kwa Kigiriki, jina la ndege huyo, kokkyx, lilipewa mfupa wa kifandugu kwa sababu umbo lake lilifanana na mdomo wake.

Nasi tuna dudumizi, ndege wa familia hiyohiyo, ambaye jina lake linakumbusha mlio wake mzito. Tukisema "ni tanakali tu" na kuishia hapo, tunafunga faili kabla ya kuisoma. Sauti hutoa malighafi. Ni watu, kwa vita, uhamiaji na dhihaka zao, wanaoamua neno lipi libaki na libebe maana gani.