Unyevu na hewa chafu huua kuku Gusii kuliko baridi yenyewe

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huwa ya baridi katika nyanda za juu za Gusii, na eneo la Kenyenya, Kaunti ya Kisii, halisazwi. Mvua nayo haikomi kabisa. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima alasiri, na mara nyingine mvua huja na mawe.

Mashamba huko ni madogo, hivyo familia nyingi hufuga kuku wachache tu wa kienyeji. Kuku hao, au engoko kama Abagusii wawaitavyo, ndio akiba ya karo na matibabu. Wakifa kumi kwa juma moja, pigo ni kubwa.

Lawama hutupiwa baridi. Hata hivyo, kuku mzima aliyeota manyoya kamili hustahimili baridi ya Kenyenya bila taabu. Joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na akiyatutumua manyoya hushika hewa inayomkinga mithili ya blanketi. Asichokiweza ni kulowa, kulala penye majimaji na kuvuta hewa iliyooza.

Hapo ndipo wengi hukosea. Baridi ianzapo, mfugaji huziba kila tundu la banda kwa magunia na nailoni. Usiku pumzi na kinyesi cha kuku hutoa mvuke, ambao usipopata pa kutokea hugeuka matone chini ya mabati na kudondokea sakafuni. Kinyesi kilicholowa nacho hutoa hewa ya amonia, inayochoma macho na koo na kuwafanya kuku washikwe upesi na magonjwa ya kupumua. Isitoshe, sakafu yenye unyevu hustawisha vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu. Mfugaji akichutama bandani alfajiri, kimo cha kuku, na macho yakamwasha, basi kuku wake wamekesha katika sumu hiyo.

Inafaa sehemu ya chini ya ukuta izibwe ili upepo usiwapige kuku waliolala, na nafasi iachwe juu ya vichwa vyao, chini ya paa, ikiwa na wavu wa kuzuia vicheche. Maranda makavu yatandazwe kufikia kina cha sentimita 10, yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo. Kila kuku apate sentimita 20 hivi za ufito wa kulalia, mbali na sakafu.

Kwa vifaranga mambo ni mengine, kwa kuwa hawajaota manyoya. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, likipunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila juma. Wakisongamana na kulia, wana baridi; wakikimbilia pembeni na kuhema, wamezidiwa na joto.

Jiko la makaa ndilo hutumiwa sana, nalo ni hatari. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika, ambayo huua vifaranga na watu pia. Kwa vile familia nyingi huwalaza vifaranga jikoni au ndani ya nyumba, jiko lisiachwe kamwe likiwaka usiku katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala.

Njia salama, isiyohitaji makaa wala stima, ni sanduku lililoshindiliwa nyasi kavu pembeni na chini, likaachwa shimo katikati na kufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Vifaranga hupashana joto wenyewe usiku, na mchana hutolewa kula na kunywa.

Kuku wazima nao hula zaidi wakati wa baridi, maana sehemu ya chakula huenda katika kutia mwili joto. Konzi ya mahindi jioni husaidia, kwani usagaji wake tumboni hutoa joto usiku. Vitabu vya Ulaya hushauri taa wakati wa baridi ili mayai yasipungue, lakini Kenyenya iko karibu na Ikweta na mchana wa Julai haupungui kama wa huko. Mayai yakipungua, chakula, unyevu na minyoo vichunguzwe kwanza.

Aidha, baridi isisingiziwe vifo vya ghafla vya kuku wengi. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa Newcastle, ambao hauna tiba. Chanjo, inayotengenezwa nchini na taasisi ya KEVEVAPI, hutolewa kila baada ya miezi mitatu kwa kuku wenye afya pekee, na heri ianze Mei kabla ya baridi. Ni lazima ihifadhiwe kwenye ubaridi hadi itumiwe, na ikishachanganywa huharibika baada ya saa chache. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wenye kuku watano watano wanaweza kuchanga fedha na kuwachanja wote asubuhi moja.