Mwaka Mmoja wa Nyumba Salama ya Mugumu

Mugumu ndio mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, katika mkoa wa Mara. Jina la Serengeti limeenea duniani kote kwa sababu ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1951, na kila mwaka wageni huvuka bahari kuja kutazama nyumbu wakivuka mto. Ama mji wenyewe uliopakana na hifadhi hiyo, wachache miongoni mwa wageni hao waujua. Humo na pembezoni mwake wakaa Wakurya, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wengineo, watu wa jembe na ng'ombe, pamoja na wafanyabiashara na watumishi waliotoka kila upande wa nchi. Hatukusudii hapa kuandika habari za wanyama. Tunakusudia kueleza habari za kikundi cha watu wachache wa mji huo waliojitolea kuwahudumia watoto wa jirani zao, na jinsi mwaka wao upitavyo.

Kwanza yampasa msomaji aifahamu hesabu ya miaka. Kwa Wakurya, msimu wa tohara hauji kila mwaka. Huja katika miaka igawanyikayo kwa mbili: 2014, 2016, 2018, 2020 na kuendelea. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio watangazao, na tangazo lao likisha kutoka huwa vigumu kulipinga. Kwa kawaida huwa ni mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watoto wako majumbani. Ngoma hupigwa, pombe hupikwa, jamaa wa mbali huja, na vijana hupelekwa kwa ngariba. Katika Kikurya neno la tohara ya mvulana na la ukeketaji wa msichana ni moja tu, nalo ni esaro. Nadhani hapo ndipo ulipo mwanzo wa balaa, kwani jina moja hufunika mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mvulana hutahiriwa akapona. Msichana hukatwa kiungo chake, na madhara yake humfuata katika ndoa na katika uzazi, ikiwa hakutokwa na damu akafa siku ile ile.

Msomaji wa pwani huenda akasema haya ni mambo ya bara, hayatuhusu. Asifanye haraka. Wako watu katika nchi nyingi waliokuwa wakiitetea desturi hii kwa jina la dini. Ndiyo maana mwezi wa Novemba 2006 maulamaa walikutana Al-Azhar, Cairo, wakatamka wazi kwamba ukeketaji hauna msingi katika dini na ni kumdhulumu mwanamke. Mwaka uliofuata, baada ya msichana mdogo kufa huko Misri mikononi mwa aliyemkata, Mufti wa nchi hiyo, Sheikh Ali Gomaa, alitangaza kuwa ni haramu. Desturi ikikaa sana huazima nguo za dini, na kule isikopata nguo hizo huvaa za kabila.

Basi kwa nini mzazi ampendaye mwanawe ampeleke kwa ngariba? Tusiseme kwamba wazazi wa Mara ni makatili, maana si kweli. Msichana ambaye hajakatwa huitwa omosagane, na neno hilo limejaa dharau. Wenzake humcheka, wifi zake humtenga, na mahari yake hupungua. Mahari huko ni ng'ombe, na ng'ombe wa binti ndio wamwoao mke kaka yake. Kwa hiyo baba anayekataa binti yake asikatwe huwa anakata minyororo mingi kwa mara moja: wa mwanawe wa kiume, wa jamaa zake, na wa heshima yake mwenyewe mbele ya wazee. Tena kuna fedha. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee watangazao msimu. Jambo lenye mlo ndani yake halifi kwa hotuba.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na humo yeyote anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 hustahili kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi laki tatu, au vyote viwili. Kasoro yake moja yaonekana upesi: mwanamke aliyetimiza miaka 18 hakutajwa, kana kwamba kisu hugeuka kuwa kitamu siku ya kuzaliwa kwake. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2011, hawakuweka mpaka huo wa umri. Lakini hata sheria nzuri peke yake haitoshi, na historia yatuonyesha. Mwaka 1956 huko Meru, Kenya, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wenyewe walinunua nyembe madukani, wakaenda msituni wakakatana. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Maelfu yao walishitakiwa, na desturi ikabaki pale pale. Marufuku iliyotoka juu ilifanya wembe kuwa bendera ya ukaidi.

Huko Mugumu mambo yalianza kwa njia nyingine. Bibi Rhobi Samwelly ni mzaliwa wa Mara, na alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13. Aliwasihi wazazi wake wasimpeleke, hasa kwa kuwa rafiki yake alikwisha kufa kwa jambo hilo hilo, lakini hawakuweza kushindana na jamii. Naye alitokwa na damu nyingi nusura afe. Alipokuwa mtu mzima aliazimia kwamba wengine wapate pale alipokosa yeye, yaani mlango wa kubisha. Mwaka 2014, akifanya kazi na Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, na kwa msaada wa wahisani wa Uingereza, nyumba ilifunguliwa mjini Mugumu ikaitwa Nyumba Salama.

Mwaka huo ulikuwa wa shufwa. Desemba ilipofika wasichana walianza kuja. Wengine walitembea usiku, na njia za huko usiku si za mchezo, kwa kuwa kuna mito na wanyama. Wengine waliletwa na polisi wa dawati la jinsia na watoto, au na mwalimu, au na mama aliyemtoa mwanawe kwa siri huku baba hajui. Katika msimu huo wa kwanza walipokewa zaidi ya wasichana 100. Mtu asome hesabu hiyo polepole. Ni watoto zaidi ya mia wa kulazwa, kulishwa, kuogeshwa na kutibiwa, kila mmoja ameacha nyumba ya wazazi wake, wala hajui kama atapokewa tena. Wapishi, walezi na walinzi hawakupata sikukuu. Nje ya ua huja wajomba na baba wenye hasira wakidai mabinti zao. Ndani, mtoto wa miaka 12 hulia akimtaka mama yule yule aliyemkimbia. Mimi naona kilio hicho ndicho kizito kuliko hasira za wajomba, kwa sababu hasira huweza kufungiwa mlango.

Msimu ukimalizika ndipo kazi ngumu ianzapo. Watu wengi hudhani kuokoa ni kumfikisha msichana ndani ya ua. La. Shule hufunguliwa Januari, na mtoto hawezi kukaa maisha yake yote katika nyumba ya wageni. Basi wazazi huitwa. Huketishwa pamoja na binti yao, wakiwepo polisi na maafisa wa ustawi wa jamii. Wazazi wakikubali, hutia sahihi ahadi kwamba hawatamkata wala kumwoza, na mtoto hurudi nyumbani, na baadaye hutembelewa ili ijulikane kama ahadi imetimizwa. Wengi hurudi kwa njia hii. Wako waliosema kwamba nyumba hii huwafundisha watoto kuwaasi wazee wao. Neno hilo lastahili kupimwa, kwani utii kwa wazazi si jambo dogo kwetu. Lakini aliyeshuhudia kikao hicho cha Januari huona kwamba nyumba hufanya kila liwezekanalo kuwarudisha wana kwa baba zao, na kwamba kinachokataliwa ni kisu peke yake.

Wasioweza kurudi hubaki. Wapo ambao baba zao huapa kwamba wakionekana watakatwa tu, msimu au si msimu. Hao husomeshwa, na wengine hufundishwa ushonaji ili wapate riziki.

Jambo moja lililoonekana mapema ni upungufu wa ramani. Ujumbe huja kwamba katika kitongoji fulani msichana atakatwa alfajiri, polisi wako tayari na gari lina mafuta, lakini njia haijulikani, na kitongoji chenyewe hakimo katika ramani yoyote. Mwaka 2015 bibi mmoja wa Uingereza, Janet Chapman, alianzisha kazi iitwayo Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, wakiwa majumbani mwao, hutazama picha zilizopigwa na satelaiti wakachora barabara na nyumba za Tanzania. Kisha wenyeji wenye simu huongeza majina ya vijiji, shule na zahanati, maana picha ya angani haijui jina la mahali. Mtu aliyeko mbali kabisa huchora njia asiyoijua, na usiku mmoja wa Desemba gari hupita juu ya njia hiyo.

Mwaka 2017 Bibi Rhobi alianzisha shirika lake mwenyewe, Hope for Girls and Women in Tanzania, likiwa na nyumba Mugumu na nyingine Kiabakari, wilayani Butiama. Wala si wao pekee. Katika wilaya ya Tarime kituo cha Masanga kilikuwa kimekwisha anza mwaka 2008 kuwapokea wasichana na kuwafundisha katika makambi ya Desemba, wakapewa sherehe ya kuingia utu uzima bila ya kisu. Hesabu za serikali zaonyesha kwamba nchini wanawake waliokeketwa, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, asilimia 10 mwaka 2015-16, na asilimia 8 mwaka 2022. Lakini Mara peke yake ilikuwa asilimia 32 katika hesabu ya 2015-16, na 28 mwaka 2022. Kushuka kupo, ila mwendo wake ni wa kobe.

Na mwaka wa witiri je, usio na tangazo la wazee? Wakati huo ndipo wafanyakazi huenda vijijini, huzungumza na wanafunzi, huketi na wazee wa mila na ngariba, na huweka katika vijiji mtu mwenye simu wa kutoa habari. Nyumba nayo haifungwi. Ndoa za watoto hazifuati shufwa wala witiri, na kipigo hakina msimu, kwa hiyo hata mwezi wa Mei, mvua zikinyesha na wazee wakiwa mashambani, mlango hubishwa.