Sufuria ya Nchi ya Shaba

Wazee wa pwani walipotaja sufuria walikusudia chombo cha shaba, kwa kuwa asili ya jina hilo ni neno la Kiarabu, sufr, lenye maana ya madini hayo. Na ndani yake walikitia bati, ili kutu ya kijani isichanganyike na mchuzi uliokolea ukwaju. Basi ni ajabu kwamba huku Musonoi, pembeni mwa mji wa Kolwezi, katika nchi ya Kongo ambayo jimbo lake hili tangu 1971 hata 1997 liliitwa Shaba, bukari, yaani ugali, husongwa ndani ya sufuria ya alumini, na shaba yenyewe hupita barabarani juu ya malori ikienda kwa wengine.

Lakini atazamaye nyuma ataona kwamba shaba hii tangu kale haikuwa ya jikoni. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na wataalamu mwaka 1957, watu wa karne nyingi zilizopita walikutwa wamezikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba, na pamoja na vyungu na majiko ya udongo yenye pembe tatu za kuegemezea chungu: shaba ya kuhesabiwa, udongo wa kupikia. Hata mafundi walioitwa wala shaba, ambao kila kiangazi, mavuno yakiisha, waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, walitoa misalaba na nyaya. Na Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa Disemba 1891, aliitia katika biashara ya mbali. Ilipoundwa kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi likawashwa mwaka 1911, safari ilirefuka tu, desturi haikubadilika.

Kilichobadilika ni moto wa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwahimiza wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, na kadiri miji ilivyokua, chungu kikapisha chombo cha madini. Na alumini, iliyokuwa ghali mno kabla ya njia ya umeme kuvumbuliwa mwaka 1886, ikageuka takataka iokotwayo.

Hapo ndipo alipoingia fundi wa kusubu. Huchukua sufuria kuukuu iwe kielelezo, akaishindilia mchanga laini wenye unyevu ndani na nje, akaichomoa taratibu, na uwazi mwembamba unaobaki ndio umbo. Kisha pistoni za injini na makopo yaliyoyeyuka humiminwa kwa mkono usiosita, kwani akisita ubavu hutoka na tundu.

Hana haja ya dalali. Mama huja karakanani, hugonga ubavu kwa kifundo cha kidole akasikiliza mlio, hupatana bei, au huleta vyuma vyake mwenyewe akalipa ujira tu. Hivyo biashara hii imekua bila makao makuu wala matangazo: mwanagenzi akihitimu huhamia mtaa mwingine, akawasha tanuri lake.

Ila ina aibu yake. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wa vyombo 42 vya namna hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliona kwamba takriban thuluthi moja yake ilitoa madini ya risasi kwa kiasi cha kudhuru, kwani chakavu hakina nasaba. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza, "Umeyeyusha nini?", na aliyemimina, tofauti na wenye shaba, yupo hapo hapo mbele yake kujibu.